Meza ya Kituo cha Sita

Kuna siku nilisahauliwa kisimani. Nasema nilisahauliwa, siyo nilitumbukia, maana watu wakisikia habari ya kisima wote wanangoja mtu atumbukie. Kazi yangu ya ujanani ilikuwa kuchimba visima. Nilishuka kutoka kwetu Uluguru na sururu moja na kaptura mbili, nikafika Kurui, huku Kisarawe, ambako maji yako mbali chini na udongo wenyewe unarudisha sururu kama umeigonga kwenye bati. Tulikuwa wawili, mmoja anachimba chini, mwenzake juu anavuta ndoo ya udongo. Siku hiyo zamu ya chini ilikuwa yangu. Nikajaza ndoo, nikatikisa kamba. Kimya. Nikatikisa tena. Kumbe mwenzangu amesikia lori la nazi limepinduka barabarani, amekwenda kuokota nazi. Hakuwa mtu mbaya. Nazi za bure nani aziache?

Sasa mtu akiwa chini ya kisima afanye nini? Ukipiga kelele sana unachoka, na hewa kule chini ni kidogo. Nikaanza kuimba. Nyimbo nilizokuwa nazo ni za kanisani tu, kwa sababu shule yangu ilikuwa fupi, darasa la tatu sikulimaliza, lakini katekisimu niliikariri nzima kwa fimbo ya katekista wetu. Nikaimba za Noeli zikaisha, nikaimba za Pasaka zikaisha, nikaingia kwenye zile za kuzikia. Ndipo nikaona kichwa juu kule, kidogo kama kifuu, kimefunikwa kanga.

"We nani unaimba humo?"

"Fundi wa kisima!"

"Umekufa?"

"Bado!"

"Basi acha hizo za msiba, unatutisha watu. Na sauti yenyewe ndiyo hiyo!"

Akatuma mtu awaite kaka zake waje kunivuta, na yeye akakaa pale ukingoni tukapiga soga, yeye juu mimi chini, mpaka walipofika. Nilipotoka nimejaa udongo hadi kwenye kope, alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye mke wangu. Mpaka leo tukigombana ananiambia angeniacha mle mle.

Sikukusudia kuanzia huko, nilikusudia kuanza na meza. Lakini meza bila mwenye meza haieleweki, kwa hiyo nivumilieni.

Baba yake alikuwa Mwislamu mwenye mikorosho na mihogo, mtu wa maneno machache. Nilipopeleka posa aliniuliza jambo moja. "Kijana, binti yangu habadili dini. Wewe?" Nikamwambia na mimi sibadili. Akatafuna hilo kidogo, akasema, "Basi mtakula pamoja na kusali mbalimbali. Mnaiweza hiyo?" Nikasema tunaiweza. Tukafunga ndoa bomani, tukahamia huku Janga, upande wa Kibaha, nikapata shamba, na visima nikaachana navyo mgongo ulipoanza kunidai.

Parokiani nilikuwa nakwenda kila Jumapili. Ila kwa kuwa ndoa yangu ilikuwa ya bomani, nilikuwa sipokei Komunyo. Wakati wa kupokea ukifika watu wanapanga mstari kwenda mbele, na sisi tusio na ndoa ya Kanisa tunabaki kwenye benchi, tunapindisha magoti pembeni ili wenye haki wapite. Ukikaa kwenye benchi muda kama niliokaa mimi, unavifahamu viatu vya parokia nzima. Namjua mtu aliyenunua viatu vipya kabla mkewe hajajua. Wengine walichoka, wakahamia kwenye makanisa ya maturubai. Mimi sikuchoka. Nilisema moyoni, benchi hili ni la Kanisa, na mimi nimelikalia, kwa hiyo nipo kanisani.

Halafu akaja padre mmoja mzee, ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya mapadre wastaafu, Mungu ampe nguvu. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mkeo yuko radhi mbarikiwe, na yeye abaki na dini yake?" Nikasema yuko radhi tangu zamani, tulikuwa tunangoja kuulizwa. Akaomba ruhusa kwa askofu, ikaja, akatubariki mchana mmoja mbele ya mashahidi wawili. Mke wangu alivaa mtandio mweupe, akasema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko yangu. Jumapili iliyofuata nikapanga mstari na mvi zangu, na wenzangu wa benchini wakanipindishia magoti nipite. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu aniambie nyumba yangu ina kasoro. Haina. Askofu ameruhusu, padre amebariki, na Mungu aliona hata kabla ya hao wawili.

Na nimwelezee huyu mwanamke. Jumapili ndiye anayeniamsha. "Wewe, Mkatoliki, amka, Mungu wako hana misa ya pili." Shati langu jeupe ananyoosha yeye. Jumatano ya Majivu nikirudi ananiangalia usoni kama majivu nimepakwa sawasawa. Na misiba! Hakuna msiba wa jumuiya yetu ambao mke wangu hakukaa jikoni anachambua mchele na kusukuma mwiko kwenye sufuria la kuingia mtoto. Watu wanakula pilau yake, wanasema pilau ya msiba huu ilikuwa nzuri, wanakwenda zao.

Jumuiya kwetu, kwa asiyejua, ni hizi familia chache za jirani zinazokutana kila Jumamosi asubuhi kusali, leo nyumba hii, wiki ijayo ile. Bila jumuiya wewe parokiani hujulikani. Mtoto habatizwi mpaka mwenyekiti wa jumuiya aseme nakufahamu, na ukifa ni hao hao watakaokubeba. Sasa mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa makamo, msimamizi kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni, amejenga nyumba yenye geti jekundu. Kusali anajua, kupanga mambo anajua, na kipaza sauti cha mkononi alinunua yeye. Lakini tangu ashike kiti, jumuiya ikizunguka, nyumba yangu inarukwa. Kwanza alisema uwanja wangu mdogo. Nikakata mihogo upande mmoja ukawa mkubwa. Akasema ana wasiwasi na mbwa. Mimi sina mbwa. Nyumba ya mke Mwislamu, mbwa atoke wapi? Mwishowe akasema wazi, na hapo nilimheshimu kidogo, "Mzee, nyumba ya sala ni ile ambayo wote ndani wanasali kwa jina moja."

Nikamwuliza, "Na pilau ya misiba, hiyo inapikwa kwa jina gani?"

Akasema tusichanganye mambo.

Mimi peke yangu ningevumilia, nimeshakalia benchi mimi. Jambo lenyewe lilikuwa la mke wangu. Siku moja alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nafunga mpini wa jembe, akasema bila kuinua kichwa, "Mzee, nikitangulia mimi, ndugu zangu watakuja kutoka Kurui, watanizika, watasoma hitima, watarudi makwao. Watoto wako mbali. Mlango huu nani ataugonga kukuuliza umeamkaje?"

"Jumuiya," nikasema.

"Jumuiya ipi? Hii inayotusalimia kutokea barabarani?"

Aliendelea kukuna. "Mimi nataka niwaone wameingia uwanjani kwangu ningali hai. Waijue njia. Mtu haanzi kuijua njia siku ya msiba."

Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa. Sikugombea uenyekiti wala cheo chochote, kama walivyokuja kusema baadaye. Nilitaka watu waingie uwanjani kwetu mke wangu angali anaweza kuwaambia karibu.

Ikaja Kwaresima ya juzi juzi, na mwezi wa Ramadhani ukaangukia humo humo. Nyumba yangu yote ikawa imefunga. Mimi nimejinyima nyama na tumbaku, yeye hanywi hata maji mpaka jua lizame. Ni raha kuliko mnavyofikiri. Mwaka ambao mifungo inapishana, mmoja anakula huku mwenzake anameza mate, mnanuniana bure. Mwaka huo jioni tulikuwa tunangoja jua pamoja kwenye mkeka mmoja. Yeye anasema nimeshindwa kufunga kiume, nakunywa chai asubuhi. Mimi namwambia mfungo wake una karamu kila siku. Nimepotea tena. Narudi.

Kwaresima jumuiya yetu hufanya Njia ya Msalaba mtaani. Tunatembea Ijumaa jioni kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ni kituo kimoja cha mateso ya Bwana. Mwenye nyumba anaweka meza nje, anatandika kitambaa, mshumaa, maua na picha. Na kuna utaratibu wetu ambao sijauona kwingine: mwenye kituo kinachofuata ndiye anayepokea msalaba kwenye kituo kilichotangulia, anaubeba begani mpaka kwenye meza yake. Msalaba wenyewe wa mbao nzito, unasikia kweli umebeba kitu.

Mwaka huo familia moja ilihama, kituo cha sita kikabaki bila nyumba. Tukakutana kugawana. Nikanyoosha mkono. "Cha sita nichukue mimi. Nyumba yangu iko katikati ya cha tano na cha saba, wala hatutazunguka."

Mwenyekiti akasema, "Ahsante mzee, ila cha sita nitachukua mimi pamoja na cha saba changu. Pale kwangu patakuwa na meza mbili."

Kulikuwa na bibi mmoja mjane, jirani yangu, ndiye mwenye kituo cha tano. Huyu bibi ulimi wake haujawahi kupumzika. Akasema, "Mwenyekiti, Yesu aanguke mara ya pili getini kwako, na yule mama wa kumfuta jasho naye atoke getini kwako? Kalvari yote umeizungushia ukuta?"

Watu wakacheka mpaka kibao cha benchi kikalia. Mwenyekiti hakucheka. Akasema uamuzi umepita, tusimame tufunge kwa sala.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mke wangu. Akauliza, "Hicho cha sita ni cha nini?"

"Cha Veronika. Yule mama aliyetoka kwenye kundi akampangusa Yesu uso kwa kitambaa."

"Alikuwa dini gani?"

Nikafikiri. Katekista hakuwahi kutufundisha hilo. Nikamwambia sijui, wakati ule hata Wakatoliki walikuwa bado.

"Basi meza nitatandika," akasema. "Na kitambaa changu kile nilichodarizi. Wakipita, wapite wamekiona."

Nikamwambia wamekataa. Akanijibu, "Wamekukatalia wewe. Mimi sikuwa mkutanoni."

Ijumaa hiyo akafagia uwanja mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kuku walipita. Akasali alasiri yake, kisha akatoa meza yetu ya kulia, akatandika kitambaa cheupe chenye maua ya bluu pembeni, akaweka mshumaa, na bogenvilia kwenye chupa. Mimi nikaweka msalaba wangu mdogo wa chumbani. Akauhamisha katikati, akasema nimeuweka kama chumvi. Kisha akakaa kwenye kiti pembeni ya mlango, amejitanda kanga, midomo mikavu kwa saumu, kama mtu anayengoja wageni aliowaalika. Nikamwacha hapo nikaenda kwenye maandamano.

Vituo vya mwanzo vilikwenda vizuri. Mwenyekiti anasoma kwenye kipaza sauti, sisi tunaitikia, tunapiga magoti mavumbini, tunasimama kwa kushikana mabega, maana wengi wetu magoti yamekwisha. Tukafika cha tano kwa yule bibi mjane. Msalaba alikuwa nao yeye, ameubeba mwenyewe toka cha nne, amekataa kusaidiwa. Sala ikaisha. Mwenyekiti akaweka kipaza sauti kwapani, akanyoosha mikono apokee.

Bibi hakumpa. Akageuka, akaniangalia mimi. "Mzee, sogea upokee. Mimi nimechoka."

"Bibi," mwenyekiti akasema, "wa kupokea ni mimi."

"Wewe ni wa saba. Hesabu hiyo hata mimi naijua."

"Bibi, tulishakubaliana!"

"Ulikubaliana na nani? Mimi nilicheka tu." Kisha akaniambia kwa ukali, "Unangoja nini wewe, nife nao?"

Nikaupokea. Nataka nieleweke hapa. Nilikuwa na nafasi ya kumpa mwenyekiti, msalaba ulikuwa mikononi mwangu na yeye mbele yangu, na wapo walioninong'oneza nimpe yaishe. Sikumpa. Nikauweka begani, nikaanza kutembea kuelekea kwangu. Nyuma nikasikia kipaza sauti kinasema, "Waamini, tunakwenda moja kwa moja geti jekundu, moja kwa moja geti jekundu." Sikugeuka. Ila kwetu tumezoea hivi: watu wanafuata msalaba. Kipaza sauti kinasaidia tu wa nyuma wasikie. Nikasikia miguu ya watu nyuma yangu, mmoja, wawili, halafu nyimbo zikaanza, na nilipoingia uwanjani kwangu jumuiya nzima ilikuwa inaingia na mimi, mpaka na yeye mwenyekiti, kwa sababu angebaki na nani barabarani?

Mke wangu akasimama. "Karibuni," akasema. "Karibuni sana."

Watu wakaanza kuangaza macho. Wengine walikuwa wanakiona kile kitambaa, wengine wanauona uwanja ulivyo mkubwa. Nikauegemeza msalaba kwenye meza. Tukamngoja mwenyekiti asome. Kitabu kilikuwa mkononi mwake, kimefunguka. Hakusoma.

Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, na bila kitabu hata hiyo bahati sina. Lakini kimya kilikuwa kinamwangukia mke wangu. Basi nikapiga magoti, nikasema nilichokuwa nacho. "Kituo cha sita. Bwana wetu amechoka, uso umejaa vumbi na damu. Watu wengi walikuwepo, wakaangalia. Mama mmoja hakuangalia tu, alitoka, akampangusa. Hatujui alikuwa wa nani. Ee Bwana, utuhurumie." Wakaitikia. Yule bibi mjane ndiye aliyeitikia kwanza, kwa nguvu, kisha wote. Wakapiga magoti uwanjani kwangu, pale alipofagia mke wangu, mistari ya ufagio bado inaonekana.

Tulipoinuka mke wangu akapita na ndoo ya maji na kikombe, anawapa wanaotaka kunywa, yeye ambaye hakuwa amegusa maji tangu alfajiri. Akafika kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, maji."

"Ahsante mama, nimefunga."

"Na mimi nimefunga," mke wangu akasema. "Basi mkimaliza njia yenu rudini hapa tufungue wote. Nina muhogo wa nazi na magimbi, nyama hakuna, najua ni Ijumaa yenu."

Watu wakacheka, kicheko cha kupumua. Mmoja akauliza kama kuna na kaimati. Zipo, akasema.

Kabla sijasema yaliyofuata niwajibu wanaosema mpaka leo kwamba nilimfukuza mwenyekiti, kwamba mzee yule asiye na shule aliivuruga jumuiya iliyopangika. Jioni ile watu walirudi, wakakaa kwenye mikeka, wakala magimbi mpaka sufuria ikakwanguliwa. Jumamosi hizi tunasali kwangu kama kwa wengine, na mke wangu wakati tunasali anakaa jikoni akinikosoa ninavyoimba. Tulipata mwenyekiti mwingine, hana kipaza sauti, tunasikia vizuri tu. Kama huko ndiko kuvuruga, basi nimevuruga, na Kwaresima ijayo meza itakuwa nje. Sikumwambia mtu yule toka. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekaribishwa maji na futari, na kituo chake cha saba kilikuwa kinamngoja.

Yeye alifunga kitabu. Akakiweka mezani, juu ya kitambaa, polepole, na kipaza sauti akakiweka kando yake. Akanipa mkono, "Mzee, shikamoo," kama ndiyo kwanza tunaonana, nikaitikia marahaba. Mke wangu hakumpa mkono lakini aliinamisha kichwa kidogo. Kisha mwenyekiti akatoka uwanjani. Tulidhani anatangulia kwake kuwasha mishumaa. Alilipita geti lake jekundu bila kusimama, akaendelea na barabara ya kwenda kiwandani, mikono nyuma, hatembei haraka wala polepole, na kwenye jumuiya hakurudi tena.